Sifa ya Tatu

Mjukuu wangu anatafuta baiskeli ya milimani yenye springi mbele na nyuma. Iwe nyepesi, imara, na ya bei nafuu. Nilimweleza kanuni ya Keith Bontrager, mtengenezaji wa baiskeli wa Marekani: katika sifa hizo tatu, chagua mbili. Nikamshauri aukubali uzito, maana fremu dhaifu humwangusha mtu mteremkoni.

Alipoondoka nilijihoji. Tanzania ilipolenga Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, walihitajika walimu wengi, upesi, tena bora. Tulipatikana wengi, upesi. Nami, mwalimu kijana, nililijua pengo langu, sikuwaambia wazazi. Waliolilipia ni watoto.

Kuchagua mbili si dhambi. Dhambi ni kumficha mwenzio ile ya tatu.