Shilingi 350

Pale lango la Lodoare, Ngorongoro, nyani hawana haraka. Wanajua basi likisimama sana lina watu wenye mawazo, na watu wenye mawazo husahau madirisha. Jumamosi ile ya wikiendi ya Saba Saba, 2024, walituchukulia kichane kizima cha ndizi tulizonunua Mto wa Mbu, na hakuna aliyenyanyua mkono kuwafukuza. Watu 31 tulisimama kwenye baridi na ukungu, macho yote kwa mwenyekiti wetu aliyeinamia dirisha la malipo.

"Hakuna malipo ya kikundi chenu, mzee," kijana wa ndani alirudia mara ya tatu, kwa adabu ileile ya mara ya kwanza. Pale noti mkononi hazikusaidii. Lazima uombe namba ya malipo ya serikali, uilipie, ndipo jina lionekane kwenye mfumo. Yetu haikuwahi kuombwa. Zile Land Cruiser ambazo zingetukuta pale saa mbili asubuhi hazikuwapo, na bila gari la namna hiyo kreta hushuki. Koasta yetu ilikuwa ya kutufikisha ukingoni tu. Mweka hazina alikuwa ametuaga usiku kwamba angetangulia kukamilisha taratibu. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Tulimaliza kidato cha nne 1999, katika shule moja ya Karatu ambayo haina kosa lolote katika kisa hiki, kwa hiyo sitaitaja. Mwaka huo kwa rika letu una alama: tarehe 14 Oktoba Mwalimu Nyerere alifariki London, na sisi habari tuliipata jikoni, kwenye redio ya mpishi. Siku hizohizo mwenzetu wa bweni la pili alifiwa na baba yake, darasa likachanga. Aliyekusanya ni kijana mwembamba wa Rhotia, mwenye sanduku la mbao na kufuli ambalo tulikuwa tukisema ni zito kuliko sanduku. Aliporudi kutoka msibani alisimama mbele ya ubao akasoma hesabu: nauli, sukari, mchele, rambirambi mkononi mwa mama. Kisha akamwaga mezani sarafu zilizobaki, shilingi 350, akasema, "Naomba mtu ahesabu."

Hakuna aliyehesabu. Tulimpigia makofi, na tangu siku hiyo akaitwa Benki.

Miaka 24 baadaye mtu mmoja aliirusha mtandaoni picha yetu ya mahafali, wengine tumevaa masweta ya kuazima, na ndani ya wiki mbili grupu la WhatsApp lilikuwa na watu hamsini na kitu. Anayejua grupu la namna hiyo anajua mwezi wake wa kwanza. Ni vicheko tupu. Makande yenye wadudu, mwalimu wa zamu na fimbo yake ya mlonge, nani alimwandikia nani barua. Tuliitana kwa majina ya utani na tulizungumza kwa lugha ya bwenini, watu wa miaka 40 na zaidi, wenye shinikizo la damu na mikopo. Nilifurahi kama wengine. Leo nikiyasoma mazungumzo yale naona hakuna mahali popote mtu alimuuliza mwenzake: siku hizi unaishije?

Wazo la kreta lilitoka kwa mwenzetu aliyeko Dodoma, na lilitugusa kwenye aibu. Wengi wetu tumezaliwa chini ya ukingo ule. Tumechunga mbuzi Oldeani, tumepalilia ngwara na ngano, tumeona magari ya watalii yakitupita na kutuachia vumbi jekundu tangu utoto, na ndani ya lile shimo la kilomita za mraba 260 hatujakanyaga. Mgeni wa Ulaya analijua kuliko mtoto wa Endabash. Basi tukakubaliana: tutimize miaka 25 kwa kushuka wote. Mchango shilingi 15,000 kwa mwezi, miezi minane, kuanzia Novemba. Mweka hazina? Hapakuwa na kura. Grupu zima liliandika neno moja: Benki, Benki, Benki.

Watu 38 tulimaliza mchango, jumla 4,560,000, na zote zilikwenda kwenye simu yake binafsi. Si kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, jambo ambalo akina mama wa vikoba, wengine hawakufika hata darasa la saba, hawawezi kulisahau. Vikoba wana sanduku la kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu. Sisi wenye vyeti tulikuwa na simu moja na kumbukumbu.

Mmoja tu alihoji. Ni mwenzetu anayefundisha shule ya msingi, tunamwita Mwalimu. Mwezi wa Februari aliandika: "Jamani, kila mwezi tuwekewe taarifa ya M-Pesa hapa, sote tuione." Alijibiwa asilete mambo ya ofisi kwenye undugu. Mwenyekiti akaongeza kwamba kumkagua Benki ni kumtukana. Mimi niliweka emoji ya kucheka. Naiona bado, iko pale na tarehe yake.

Turudi langoni. Zilipita saa mbili za simu na lawama. Kuna aliyelia. Kuna aliyesema tangu shuleni alimshuku, uongo mtupu, maana ndiye aliyekuwa akimpa Benki sabuni yake amtunzie. Mwenyekiti alimwondoa Benki grupuni palepale, kabla hata hatujampigia mke wake. Mwishowe tulichangishana upya, tukalipia kiingilio cha watu na Koasta tu, tukapanda hadi mahali pa kutazamia. Kreta ilikuwa imejaa ukungu hadi juu. Tulipiga picha tukiwa tumeupa mgongo weupe mtupu.

Jioni, Karatu mjini, nyama ikiwa mezani na haina mlaji, hoja ilikuwa moja: twende polisi tukachukue RB au tusiende. Sijui ni nini kilichonifanya nitoe simu nikaanza kusoma grupu kutoka mwanzo. Niliwasomea wenzangu kwa sauti. Desemba, Benki: "Anayesikia kazi ya udereva, hata Noah ya abiria, aniambie." Majibu: vicheko, na mtu kaandika "Benki anataka kufungua tawi la usafiri." Machi, Benki: "Ndugu zangu, hii kazi ya hela mpeni mtu mwingine, mimi nina mambo mengi." Jibu la mwenyekiti: "Hakuna kujiuzulu, Gavana." Vicheko kumi na saba. Nilivihesabu.

Mezani kukawa kimya.

Kesho yake tulikwenda kwake watu watatu, Mwalimu akiwa mmojawapo. Mkewe alitupokea: "Karibuni, mashemeji," kama hakuna kitu, akaleta chai. Uani palikuwa na Land Cruiser iliyokaa juu ya mawe, haina magurudumu, kuku wanalala kwenye viti. Tulizoea kumwona kwenye picha akiwa amesimama kando ya gari lile, ameegemea mlango, kofia kichwani, na kila mtu alijua Benki ni mtu wa utalii. Gari alilinunua kwa mkopo 2019, mwaka ambao watalii wa nje waliingia nchini milioni 1.5. Mwaka uliofuata, korona ilipofunga viwanja vya ndege, walikuja laki sita na kidogo. Mkopo haukusubiri. Utalii ulirudi, kweli, na sisi tulipoona misururu ya magari Karatu tulidhani umerudi kwa kila mtu. Alikuwa ameuza injini.

Yeye mwenyewe alitoka chumba cha nyuma. Hakujitetea sana. Alichukua laki mbili za kwanza kwa ada ya mtoto, akiwa na hakika ya kuzirudisha. Kisha laki tano kwa mkopeshaji aliyekuwa akija na vijana wake. Kisha akaacha kuandika. Koasta aliilipia, na chakula cha jioni alikilipia. Pengo lilikuwa 3,100,000. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini hakusema. Alimtazama, akasema, "Nilisema. Mlicheka."

Simtetei. Fedha ya watu ni fedha ya watu, na mwenzetu mmoja muuza vitunguu wa Mang'ola alikuwa amekopa apate kulipa ile 15,000. Aliyekula alikula. Lakini nimeshahudhuria vikao viwili vya watu wanaoandaa kukutana na wenzao wa shule, na vyote viwili nimesikia sentensi ileile, "huyu tunamfahamu tangu kidato cha kwanza," na mwili umenisisimka. Tuliyemfahamu ni mvulana wa miaka 18. Yule alikuwa mwaminifu, na nina hakika angekuwa mwaminifu hata leo kama angekuwepo. Fedha tulimpa mtu mwingine, mwanamume wa miaka 43 mwenye deni, ambaye hatukuwahi kuzungumza naye hata siku moja. Na kwa ukatili wa makofi yetu tulimnyima hata mlango wa kutokea, maana kila alipotaka kuwa yeye wa sasa tulimrudisha kuwa Benki. Yule mvulana mwenyewe alijua jambo ambalo sisi hatukulijua: aliomba sarafu zihesabiwe.

RB hatukuchukua. Mjadala ulichukua wiki tatu na watu wanne walijitoa grupuni kwa hasira. Sidhani kama wanakosea. Maandishi yalifanyika mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, mke wa Benki akatia saini, kiwango kikawa 40,000 kwa mwezi. Alirudishwa grupuni, haandiki kitu.

Mweka hazina sasa ni Mwalimu. Akaunti iko benki, watia saini watatu, na kila mwisho wa mwezi anapiga picha ukurasa wa daftari lake la mistari na kuutuma. Ule wa mwezi wa sita wa marejesho ulisomeka: zimelipwa 240,000, zimebaki 2,860,000. Chini yake aliandika kwa kalamu nyekundu, kama anavyosahihisha madaftari ya darasa la nne: "Amepata kibarua cha lori la vitunguu. Huwa nyumbani Jumapili mchana. Apigiwe simu, asitumiwe ujumbe."