Nguo Iliyovaliwa na Mwingine

Je, mzazi anayemvisha mwanawe nguo ya mitumba siku ya Idi amemvunjia heshima? Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini na wanafunzi wenye familia hapa Kampala, hasa Ramadhani inapoingia kumi la mwisho na ada ya muhula bado haijatimia.

Tuanze na tohara. Asili ya vitu ni usafi mpaka najisi ithibitike. Gauni la Owino halikuwa najisi kwa kuvaliwa na mtoto wa Ulaya. Lifue, lipige pasi, linafaa kwa swala. Agosti 2023, Rais Museveni alipotangaza kupiga marufuku mivumba, alisema ni nguo za wafu. Hoja yake ya kulinda viwanda vyetu ni nzito. Lakini kwa nguo za watoto, mara nyingi mwenyewe wa kwanza hakufa, alikua tu. Mtoto mchanga huiacha fulana baada ya miezi michache, ingali nzima. Kuitupa ndiyo israfu.

Sunna ya Idi ni kuvaa nguo nzuri kuliko zote ulizonazo. Sharti la upya tumeliongeza wenyewe, na wapo wanaoligharamia kwa mkopo. Anayekopa ili majirani waone, anamvisha nani hasa? Mtoto wa miaka miwili anataka mfuko wa kutilia peremende tu. Wa miaka minane, kweli, anaweza kuchekwa na wenzake. Basi mchagulie inayomkaa vizuri, kaza vifungo, umfundishe kwamba heshima yake haikushonwa kwenye nguo.

Hata hivyo, tusijidanganye kuwa kununua mitumba peke yake kunapunguza taka. Anayebeba magauni sita kwa sababu ni rahisi, kisha yakavaliwa mara moja, amehamisha jalala tu kutoka Ulaya kulileta Kampala. Faida inapatikana nguo inapovaliwa sana, ikatiwa kiraka, kisha ikapita kwa mdogo wake au kwa jirani.

Na kupitisha nguo kuna adabu yake. Sura ya al-Baqara, aya ya 267, inatukataza kuchagua kibaya cha kutoa, kitu ambacho sisi wenyewe tungeona tabu kukipokea. Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Sokoni, mnunuzi huigeuza nguo ndani nje, huvuta mshono, huikataa akitaka. Maskini anayeletewa mfuko mlangoni hawezi kufanya hivyo. Atashukuru hata kwa zipu iliyokatika. Kwa hiyo ni wajibu wa mtoaji kuikagua kwa niaba yake, kwa jicho lilelile kali alilokwenda nalo Owino.

Basi aibu haimo katika kununua mtumba. Imo katika kumtafutia mwanao kilicho bora kwenye rundo, kisha mtoto wa mwenzio ukampa kile ulichokwisha kukikataa. Allah atukinge na hilo, na atujaalie Idi yenye kheri.