Mti wa Aliyeshika Mkia

Pale St. Patrick's, shule ya umma ya wavulana mjini Iten, kuna miti yenye majina. Ilipandwa kwa heshima ya wanariadha waliotoka hapo wakaenda kuwika duniani. Na si wachache. Peter Rono alishinda dhahabu ya mita 1,500 kule Seoul mwaka 1988. Matthew Birir akabeba ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Barcelona 1992. Wilson Kipketer alikuwa bingwa wa dunia wa mita 800 mara tatu mfululizo, japo kwa jezi ya Denmark. Nyuma yao yuko Bruda Colm O'Connell, aliyekuja kutoka Ireland mwaka 1976 kufundisha jiografia, si riadha.

Sina shida na hiyo miti. Ninachouliza ni hiki: je, kila asiye na mti alistahili kuukosa?

Usikimbilie kusema, "Si walishindwa?" Hebu turudi London 2012, fainali ya mita 800. David Rudisha, mwanafunzi mwingine wa Bruda Colm kwenye mbio, aliongoza toka mwanzo bila mtu wa kumvutia kasi, akaweka rekodi ya dunia ya 1:40.91. Hiyo tunaijua. Lakini nani alishika mkia? Andrew Osagie wa Uingereza, kwa 1:43.77. Muda huo ungempa dhahabu Beijing 2008, Athens 2004, hata Sydney 2000. Miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni watu aliopangwa nao kwenye mstari.

Mwaka huo huo wa 1976, wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliandika kuhusu kitu walichokiita bahati ya kimaadili: tunamsifu au kumlaumu mtu kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwake. Nafasi kwenye mbio ni hivyo. Nusu yake ni yako, nusu ni ya wenzako.

Mtu ataniambia: basi tupande msitu mzima, kila msee apate mti wake? Hapana. Mti wa kila mtu hauna maana, na mbio bila mshindi ni matembezi tu.

Lakini shule si uwanja wa Olimpiki. Uwanja unakupa saa isiyodanganya, basi, haukudai kukulea. Shule ilimchukua mtoto wa miaka kumi na minne, ikamtoa alfajiri kwenye baridi ya Iten, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ikamwambia akimbie. Na bingwa hakufanya mazoezi peke yake. Kuna vijana waliomsukuma asubuhi baada ya asubuhi, na leo majina yao hatuyajui. Jasho lao limo ndani ya ile medali.

Mimi niliacha chuo kabla ya kuhitimu, kwa hiyo orodha za majina nimezizoea kutoka upande wa nje. Sitafuti huruma. Nadhani tu kuna deni hapo. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Hawakusema mshindi.

Deni lenyewe si kubwa kulilipa. Shule yenye mila ya michezo, iwe Iten ama Kakamega, iweke daftari: muda wa kila mwanafunzi alipoingia shuleni, na muda wake alipomaliza. Siku ya michezo usomwe wote mbele ya wazazi, hata wa yule aliyepunguza sekunde sita na bado akawa wa mwisho. Bingwa abaki na mti wake. Huyu mwingine naye aende nyumbani akijua alichofanya yeye, si walichofanya waliokuwa mbele yake.