Nikopi Yote, ama Tuanze Upya?

Swali hili niliulizwa na fundi wa kompyuta, kwa kibanda kimoja karibu na Oginga Odinga Street, jua la saa saba likichoma mabati juu yetu. Lapi yangu ilikuwa imelala kifudifudi kwa meza, mgongo wazi. Fundi akashika bisibisi, akaniangalia.

"Bro, nikopi yote, ama nipige mpya tuanze upya?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengine yote. Wiki nzima nilikuwa nimesoma kuhusu SSD kama mtu anayesomea mtihani. Nilijua lapi yangu, Core i5 ya kizazi cha nne, chipu za 2013, haikutengenezewa zile NVMe nyembamba kama chingamu. Inataka SATA ya inchi 2.5, unene wa milimita 7. Nilijua SATA hufika kama megabaiti 550 kwa sekunde na hapo imegonga ukuta, kwa hivyo kulipia ahadi ya kasi zaidi ni kutupa pesa. Nilijua kuna feki: kibandiko kinasema terabaiti moja, ndani mna kiasi kidogo tu, na dawa yake ni kuijaza data kisha uisome tena. GB 256 ilinitosha. Elfu tatu na mia tano, wakati lapi nyingine, hata ya mtumba, ingenigharimu zaidi.

Lakini kukopi ama kuanza upya? Hilo sikuwa nimelifikiria.

Lapi hii alininunulia Mama. Mama huuza omena Kibuye. Zamu yake ya chama ilipofika, aliongeza pesa alizokuwa ameweka za paa la jikoni, akanikabidhi mashine ya mtumba kutoka Uingereza na kuiita "kompyuta ya digrii". Niliingia nayo chuo. Mwaka wa tatu nikatoka nayo, bila digrii. Kwa Mama, nilikuwa nimesimamisha masomo kidogo tu. Neno "nimeacha" halikuwa limewahi kutoka mdomoni mwangu.

Kwa hiyo diski ya zamani kulikuwa na noti za mihula mitano, kazi nilizowasilisha na ambazo sikuwasilisha, na nakala ya kitambulisho chake niliyoiskani nikijaza fomu za HELB. Kila nikifungua lapi kuandika makala ya watu, mafaili hayo yananiangalia. Kuanza upya kulisikika tamu sana.

Na hoja ya kuanza upya si ya kijinga. Mtu halazimiki kuishi ndani ya mpango uliokufa. Nenda Dunga uangalie mashua zikikarabatiwa. Ubao ukioza unatolewa, mwingine unapigiliwa, na baada ya miaka huenda hakuna ubao hata mmoja uliobaki wa kwanza. Wanafalsafa wamebishania jambo hili tangu Wagiriki: je, hiyo bado ni mashua ileile? Pale ufuoni hakuna anayepoteza usingizi. Ni ileile, kwa sababu jina ni lile, na waliochanga pesa kuijenga bado wanangoja fungu lao la samaki. Mbao zimebadilika. Wanaoidai hawajabadilika.

Hapo ndipo hoja yangu ilianza kuyumba. Naweza kubadilisha kozi, kazi, hata mtaa. Wanaonidai wanabaki walewale. HELB wanajua walichonikopesha, nimalize nisimalize. Mama anajua paa lake.

Kuna jambo lingine nililokuwa nimesoma wiki ile. Diski ya kuzunguka haisahau vizuri: ukifuta faili, inafuta anwani tu, na data yenyewe inakaa mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. SSD ni tofauti. Ukifuta, mfumo huiambia sehemu hiyo haihitajiki tena, nayo husafishwa kabisa, na mara nyingi hakuna fundi wa kuirudisha. Nikakiri moyoni kwamba ndivyo nilivyotaka kuwa.

Kisha fundi akasema, "Hii ya zamani niachie, nakupunguzia mia tano."

Mia tano kwangu ni chakula cha siku mbili. Karibu niseme sawa. Nikakumbuka kitambulisho cha Mama. Diski ni yangu, lakini kilichomo si changu peke yangu. Nikaona nilikuwa nimechanganya mambo mawili: kuanza upya, na kuficha kilichotokea. La kwanza ni haki yangu. La pili linagusa mtu aliyeweka paa lake humo ndani.

Najua wengi wenu mtasema hizi ndizo lawama zinazotufunga, kifungua mimba akisomeshwa na nyumba nzima halafu hana ruhusa ya kuanguka. Nakubali nusu. Mama hakuninunulia digrii, maana haiuzwi. Alininunulia nafasi. Kwa hivyo simdai mwenyewe cheti ambacho sitakileta, na sidhani ni haki yeye kunidai. Ninachomdaiwa ni ukweli kuhusu ile nafasi ilikoishia. Deni hilo ni dogo kuliko digrii, ila halifutiki kwa kunyamaza.

Nikamwambia fundi apige mpya. Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tangu 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haiikubali chipu yangu, kwa hivyo tukaweka Linux Mint. Diski ya zamani nikaitia mfukoni.

Nilienda Kibuye moja kwa moja, kabla sijapoa. Nilimwambia nimeacha, na lini, na kwa nini. Mama alimpimia mteja gorogoro ya omena, akahesabu chenji, kisha akanyamaza kwa muda ambao sitausahau.

"Na hiyo kompyuta, inafanya kazi?"

"Inafanya, Mama. Sasa inawaka haraka."

"Basi ifanye kazi. Paa bado linavuja."

Hakusema kama amenisamehe, nami sikuuliza. Makala haya nimeyaandika kwa lapi hiyo. Malipo yake yananunua mabati mawili ya kwanza.