Nguvu za Mwili: Zatoka Wapi, na Zaenda Wapi?

Ndugu zangu wakatekumeni,

Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alinijia akiwa na wasiwasi. Alikuwa amekaa miezi kadhaa kwa mjomba wake huko Bukavu, na jirani akamfundisha mazoezi yaitwayo yoga: kunyosha mgongo na miguu polepole, kusimama kimya bila kutikisika, kuvuta pumzi ndefu na kuitoa kwa utaratibu. Aliporudi kijijini aliendelea nayo kila alfajiri, akaona kwamba uchovu wa shamba haumlemei tena kama zamani. Lakini mzee mmoja alimwambia, "Mtoto wangu, hiyo ni ibada ya miungu. Huwezi kubatizwa nayo." Basi akaniuliza, "Mwalimu, je, nimetenda dhambi?"

Swali hili si la kijana huyo peke yake. Nani kati yetu sisi tupandao na kushuka milima hii asiyejua uchovu? Na nani asiyetamani nguvu?

Kwanza tujue yoga ni nini. Ilianza India, zaidi ya miaka 2000 iliyopita. Asili yake haikuwa mazoezi ya viungo tu, bali njia ya kutafuta ukombozi wa roho kadiri ya dini za nchi ile. Siku hizi watu wengi huchukua mazoezi ya viungo na pumzi peke yake, kwa ajili ya afya. Umoja wa Mataifa uliamua mwaka 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani.

Kanisa lafundisha nini? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulisema kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, ukiutaja Uhindu kwa jina. Tena mwaka 1989 maaskofu waliandikiwa barua kutoka Roma juu ya sala ya Kikristo. Aliyeitia sahihi ni Kardinali Ratzinger, ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI. Barua hiyo yakubali kwamba utulivu wa mwili waweza kumwandaa mtu kusali. Lakini yaonya pia: raha ya mwili uliotulia isidhaniwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Kwa maana mtu aweza kuwa na pumzi tulivu na moyo uliojaa chuki.

Basi nilimjibu hivi: mgongo wako ameuumba Mungu, na pumzi yako ni zawadi yake. Kuunyosha mgongo si dhambi, kama vile kuogelea katika Ziwa Kivu si dhambi. Lakini kutaja majina ya miungu, au kutumaini kwamba pumzi yako itakuokoa, hasha! Hilo halimfai mtu akusudiaye kumwabudu Mungu mmoja. Na yule mzee usimdharau. Mweleze kwa upole, dhamiri yake isikwazike.

Pili, tusidai kwa mazoezi kile yasichoweza kutoa. Mkumbukeni nabii Eliya, aliyechoka hata akaomba afe. Malaika hakumkaripia. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Ndipo Eliya akapata nguvu ya safari ya siku 40. Mwenye njaa ahitaji chakula, na aliyekesha ahitaji usingizi. Na uchovu usiokwisha huenda ni malaria, minyoo au upungufu wa damu: aende kituo cha afya.

Tatu, tuulize nguvu hizo zaenda wapi. Nilimwuliza kijana, "Wakati unapofanya mazoezi yako alfajiri, mama yako yuko wapi?" Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Yuko njiani kutoka chemchemi, na bidoni ya lita 20 mgongoni."

Ndugu zangu, mmewaona akina mama katika njia za Kadutu, wakipanda na magunia mgongoni, kamba imekaza paji la uso. Nani atathubutu kumwambia mama wa namna hiyo anyoshe viungo apate nguvu? Uchovu wake watoka katika mzigo wa watu wengi uliowekwa juu ya mtu mmoja. Dawa yake ni mabega mengine.

Nguvu ni kama talanta zile za Injili: Bwana atauliza tumezitumiaje. Anayejiimarisha ili apendeze machoni pa watu, au ili awashinde wenzake, amezifukia talanta zake ardhini.

Nilimshauri kijana aendelee na mazoezi yake, ayaanze kwa ishara ya msalaba, na akimaliza achukue bidoni. Alifanya hivyo. Wenzake walimcheka, wakisema kuchota maji ni kazi ya wanawake. Aliniambia kwamba kuvumilia kicheko hicho kulimshinda ugumu mazoezi yote. Lakini hakuiacha bidoni.

Jiulizeni juma hili:

1. Ninapochoka, namwomba Mungu msaada, au natafuta kitu cha kuwekwa mahali pake?
2. Ninaupa mwili wangu chakula, usingizi na dawa kadiri niwezavyo?
3. Nyumbani kwetu, ni nani aliyechoka kwa sababu yangu?

Swali la tatu, mlijibu kwa mikono yenu kabla ya Dominika.