Zimwi na Sikio la Ajuza

Je, zimwi hujua haki ni nini? Wasukuma, ambao lugha yao ni ndugu ya Kinyamwezi cha Tabora, husimulia habari za Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote. Alisalia mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha. Naye akamzaa Masala Kulangwa. Kijana alipokua aliuliza baba yake yuko wapi. Tangu hapo kila mnyama aliyemwua alimpelekea mama, akidhani ndiye adui, mpaka siku alipolipata zimwi lenyewe, akaliua na kulipasua tumbo. Watu wakatoka wazima. Lakini kisu kilikata sikio la ajuza mmoja, naye, badala ya kushukuru, akaghadhibika, akataka kumroga mwokozi wake.

Msikilizaji aghalabu hucheka hapo. Mimi sicheki. Zimwi la ngano si pumbavu: lina hila, hunusa, hukumbuka njia. Lisilolijua ni kwamba kila mtu ni mmoja peke yake. Tumboni mwake baba na mbuzi ni shibe moja, na shibe haina sikio. Ajuza alipodai lake, ndipo haki iliposemwa mara ya kwanza tangu watu wamezwe. Wala dai halikuwa batili kwa kuwa aliyedaiwa alimtendea wema. (Uchawi wake ni jambo jingine, siutetei.)

Methali yasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Basi linamjua mtu! Naam, lakini kusaza si haki.

Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora hadi Ujiji. Mpagazi wa Kinyamwezi, mtu huru mwenye ujira, alibeba frasila mbili hivi. Na njia hiyohiyo alipita mtumwa, akihesabiwa pamoja na pembe za ndovu. Tajiri aliyemhesabu alijua kusali, na ahadi kwa wadai wake wa Unguja alijua uzito wake. Neno haki halikuwa geni kwake. Hapo nasita kusema kuwa zimwi halina fikra: huenda neno linalo, ila halimfikishii aliyemo tumboni.

Sheria ya mwaka 1922 iliufuta utumwa Tanganyika, tumbo likapasuliwa. Dai la sikio lingali linangoja msikilizaji, na wajukuu wa mpagazi, wa mtumwa na wa tajiri huteka maji kisima kimoja, wasiulizane.