Deni la Maporomoko

"Ulilipa pesa ndiyo uanguke mtoni?"

Dani, nyanya yangu, aliniuliza hivyo jioni moja nyumbani Kosele. Nilikuwa namwonyesha video kwenye simu: boti la mpira, watu wenye helmeti, halafu maji meupe yanatumeza. Nilicheka. Yeye hakucheka. Mvua ikinyesha kule milimani Kisii, Awach hujaa hata kama kwetu jua linawaka, na aliyevuka asubuhi kwenda sokoni hana njia ya kurudi. Hakuna anayempa jaketi la kuelea.

Video ilikuwa ya Jinja, Uganda, kwenye mto Nile. Nikamweleza tulivyofundishwa. Ukianguka, usijaribu kusimama. Mguu ukinaswa kati ya mawe, maji yatakulaza kifudifudi na huinuki tena. Elea chali, miguu mbele. Ogopa pale chini ya poromoko, maji yanapojirudia na kukuzungusha. Ogopa mti ulioanguka: maji hupita kati ya matawi, wewe hupiti.

"Hayo tunayajua, nyakwara," akasema. "Na hatukulipa."

Tangu siku hiyo najiuliza: nani ana haki ya kupenda mto mkali? Mimi niliyeifuata hatari wikendi moja, kisha nikarudi Nairobi kwenye bomba na stima? Na hiyo stima yenyewe inatoka mitoni. Ukitoka Oyugis kwenda Kisumu unavuka mto Sondu. Maji yake huingizwa kwenye handaki hadi kituo cha Sondu-Miriu, megawati 60, halafu maji yale yale huzalisha nyingine kama 21 pale Sang'oro. Siwezi kuchaji simu kisha niwahubirie watu kuhusu mito huru kana kwamba mikono yangu ni safi.

Kwa hiyo sisemi mabwawa yasijengwe. Swali langu ni dogo zaidi: tukishakubali kuua kitu kwa faida yetu, tunadaiwa nini?

Pale Jinja kulikuwa na maporomoko ya Bujagali, mahali patakatifu kwa Wasoga. Leo yamezama chini ya bwawa la megawati 250 lililokamilika mwaka 2012. Lakini kabla ya kuzama palikuwa na makubaliano. Mwaka 2007 serikali ya Uganda iliahidiana na Benki ya Dunia kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi kwenye mto huo huo, yangehifadhiwa kama fidia. Bujagali iende, Kalagala ibaki. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019. Ziwa lake lilirudi nyuma likafunika sehemu ya eneo lililoahidiwa.

Kuna watakaosema mahitaji hubadilika, na ahadi ya zamani haiwezi kumfunga mtoto anayesoma kwa koroboi leo. Hoja hiyo siidharau. Nimesoma kwa koroboi mimi mwenyewe. Lakini Kalagala haikuwa zawadi kwa watalii. Ilikuwa bei ya Bujagali. Ukimchukua ng'ombe wa jirani kwa mkopo ukamchinja, huwezi baadaye kukataa kulipa kwa sababu bado una njaa. Njaa yako ni ya kweli. Deni pia ni la kweli. Na usipolipa, basi hata yule ng'ombe wa kwanza hukukopa, uliiba.

Shida ni kwamba mdai huyu hana mdomo. Na sisi tunaojitokeza kuusemea mto, wengi wetu tulikuja kucheza tu. Labda ndiyo maana hatusikilizwi. Wanaouogopa mto kila mvua ikija ndio wangepaswa kuulizwa kwanza, na mara nyingi sisi wenyewe hatuwaulizi. Tunadhani tunajua jibu lao.

Mimi pia nilidhani. Nikamuuliza Dani: kama wangeiziba Awach yote, isimdhuru mtu tena, si angefurahi?

Aliniangalia kama mtoto asiyesikia.

"Mimi nataka daraja," akasema. "Nani amesema mto uondoke?"